BADEN-POWELL: MAISHA YAKE NA KUSTAAFU KWAKE NYERI

Katika ukurasa huu nimeombwa nieleze maisha ya mtu mashuhuri ambaye habari zake zaweza kumfaa kijana aliye darasani na pia mzee anayehesabu miaka iliyombakia kabla ya kustaafu. Nimemchagua Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Wengi wetu tulivaa skafu, tukafunga mafundo ya kamba na kukariri ahadi tukiwa hapa shuleni. Lakini jina hilo tulilijua kama jina la kitabuni tu. Wachache walijua kwamba mtu huyo, aliyezunguka karibu dunia nzima, alichagua kwa hiari yake kumalizia siku zake katika nchi ya milima, huko Nyeri chini ya Mlima Kenya, na kwamba kaburi lake liko huko mpaka leo.

Nitayaeleza mema yake na mabaya yake pia. Maisha ya mtu yakisimuliwa nusu huwa yamegeuka kuwa hadithi ya kumpamba, na wasomaji wa gazeti hili si watu wa kupambiwa.

KUZALIWA NA MASOMO

Robert Stephenson Smyth Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, Baden Powell, alikuwa kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu, na mama yake, Henrietta, akabaki mjane mwenye watoto wengi. Mama huyo ndiye aliyewalea na kuwasomesha, na ndiye aliyeliunganisha jina la marehemu mumewe likawa jina la ukoo mzima, yaani Baden-Powell.

Mwaka 1870 alipata nafasi ya kusomeshwa bila malipo katika shule ya Charterhouse. Miaka miwili baadaye shule hiyo ilihama kutoka London ikaenda Godalming, mahali penye miti mingi. Huko kijana Robert alipata darasa la pili ambalo halikuwamo katika ratiba. Alikuwa akijipenyeza msituni mahali palipokatazwa, akitega sungura na kuwapika kwa moto usiotoa moshi ili walimu wasimgundue. Wadogo zetu wasichukue maneno haya kuwa ruhusa ya kutoroka shule! Ninayataja kwa sababu mbinu hizo za utoro ndizo zilizokuja kuwa mafunzo ya mamilioni ya vijana.

Katika masomo hakung'ara. Alijaribu kuingia Oxford akashindwa. Wengine wangekata tamaa, lakini yeye alifanya mtihani wa jeshi, akashika nafasi ya pili kwa upande wa askari wapanda farasi. Mwaka 1876 alipelekwa India akiwa ofisa kijana wa kikosi cha 13 cha Hussars.

MIAKA YA UASKARI

Alikaa jeshini miaka 34. Alitumikia India, Afghanistan, Afrika Kusini, Malta na Afrika ya Magharibi. Kazi aliyoipenda ni upelelezi: kutembea usiku, kusoma nyayo, kuchora ramani, kutambua mambo makubwa kwa alama ndogo. Hapana budi tukumbuke kwamba ujuzi huo haukuwa wa Wazungu peke yao. Mengi alijifunza kwa Waafrika, na mmojawapo ni Jan Grootboom, aliyekuwa mpelelezi wake hodari katika vita vya Matabele mwaka 1896. Hata baragumu la pembe la tandala, alilokuja kulitumia kuwaamshia vijana kambini, lilitoka katika vita hivyo.

Lakini vita hivyo vilikuwa vita vya kuwanyang'anya Waafrika nchi zao, na yeye alikuwa chombo chake. Alikuwamo katika msafara wa mwaka 1895 na 1896 uliomteka Mfalme Prempeh wa Ashanti na kumpeleka uhamishoni. Katika Matabele aliamuru mkuu mmoja aitwaye Uwini ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, kisha akapigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa, naye hakuadhibiwa. Hata hivyo jambo hilo limebaki doa katika habari zake.

Jina lake lilivuma kwa sababu ya Mafeking, mji mdogo wa Afrika Kusini. Makaburu waliuzingira tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900, siku 217. Baden-Powell, akiwa na askari wachache kuliko adui, aliuhifadhi mji kwa ujanja. Aliwaamuru watu watege mabomu ya uongo, na walinzi wajifanye wanaruka nyaya za miba ambazo hazikuwapo. Vijana wadogo wa mji walipewa kazi ya kupeleka barua na kushika zamu. Uingereza ilishangilia mno, naye akapandishwa cheo kuwa meja jenerali.

Historia ya Mafeking ina upande mwingine. Mjini mlikuwamo Waafrika wengi kuliko Wazungu. Wabarolong walishika bunduki wakaulinda mji bega kwa bega na Waingereza. Walakini chakula kilipopungua, fungu la Waafrika lilikuwa duni kuliko la Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa. Katika mji huo alikuwako karani na mkalimani kijana aitwaye Sol Plaatje, aliyeandika kila siku mambo aliyoyaona. Shajara yake ilikuja kuchapishwa mwaka 1973. Hapo ndipo wasomaji wengi walipopata kuisikia Mafeking ikisimuliwa kwa macho ya Mwafrika.

KUSTAAFU KWA KWANZA

Aliporudi Uingereza mwaka 1903 kuwa mkaguzi mkuu wa askari wapanda farasi, alikuta kitabu chake kidogo cha kuwafunza askari upelelezi kinasomwa na watoto. Akaona kwamba mafunzo yale yanaweza kuondolewa vita yakabaki maarifa, nidhamu na moyo wa kusaidia. Mwanzoni mwa Agosti 1907 aliwachukua vijana wapatao 20 akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea. Wengine walikuwa watoto wa matajiri kutoka shule kubwa, wengine watoto wa wafanyakazi. Aliwachanganya pamoja katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake. Mfumo huo wa vikundi ndio tulioukuta sisi hapa shuleni.

Mwaka 1908 alitoa kitabu chake cha Skauti kwa sehemu sita. Vijana hawakungoja kuandikishwa. Walijikusanya wenyewe mitaani na vijijini, wakatafuta viongozi baadaye. Mwaka 1910 alistaafu jeshi akiwa na umri wa miaka 53 na cheo cha luteni jenerali, ili aitumikie Skauti. Mwaka huo huo chama cha wasichana kilianzishwa, dada yake Agnes akakiongoza, na mwaka huo huo Skauti ikaingia Kenya.

Watumishi wenzangu wa serikali, lifikirini jambo hilo. Kazi iliyolifanya jina lake lijulikane katika kila pembe ya dunia aliianza katika umri ambao wengi wetu huanza kuhesabu siku za kuagwa ofisini.

Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, aliyezaliwa tarehe 22 Februari kama yeye, ila miaka 32 baadaye. Walipata watoto watatu: Peter, Heather na Betty. Mwaka 1919 walihamia nyumba kubwa katika mkoa wa Hampshire, wakaiita Pax Hill, yaani kilima cha amani, maana vita kuu vilikuwa vimekwisha karibuni. Mwaka 1920, katika mkusanyiko wa kwanza wa dunia mjini London, vijana walimtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Mwaka 1929 mfalme alimpa daraja la ulodi.

Hata katika kazi hiyo njema hakuepukana na ubaguzi wa enzi yake. Mwaka 1936 huko Afrika Kusini alikubali mpango wa kuwaweka vijana wa Kiafrika katika tawi lao la pekee badala ya kuwaunganisha na Wazungu. Chama kilichofundisha kwamba kila skauti ni ndugu wa skauti mwenzake kilikaa kimegawanyika kwa rangi nchini humo mpaka mwaka 1977.

SAFARI YA NYERI

Sasa tufike kwenye milima. Mmoja wa wasaidizi wake wa mwanzo katika Skauti alikuwa Eric Sherbrooke Walker. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Walker alihamia Kenya, na mwaka 1928 akafungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Mwaka 1932 alijenga Treetops, kibanda juu ya mti wa mugumo msituni Nyandarua, ambapo wageni walikaa usiku wakitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Neno Outspan limetoka Afrika Kusini, na maana yake ni kuwafungua ng'ombe nira mwisho wa safari. Jina hilo lilimfaa mgeni aliyekuwa njiani.

Baden-Powell na mkewe walifika Nyeri katika ziara yao ya Afrika ya mwaka 1935. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi na ukungu, na mawingu yakifunguka huonekana kilele cha Kirinyaga, chenye urefu wa mita 5,199 na theluji yake. Upande wa pili iko safu ya Nyandarua. Mzee alipapenda mara moja.

Mwaka 1937 alihudhuria mkusanyiko wake wa mwisho wa dunia huko Uholanzi, akawaaga vijana. Alikuwa na umri wa miaka 80 na moyo wake umechoka. Madaktari walimtaka apumzike, na Uingereza asingeweza kupumzika, kwa kuwa barua, wageni na mikutano vilimfuata mpaka mlangoni. Tena Peter na Betty walikwisha kuolea na kuolewa, wakaishi Rhodesia ya Kusini na ya Kaskazini. Kwa hiyo Kenya ilikuwa karibu na watoto wake kuliko Uingereza.

Walker aliwajengea nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli. Mwezi wa Oktoba 1938 wazee hao wawili waliingia humo. Nyumba waliiita Paxtu, kwa mchezo wa maneno: ni Pax ya pili, na pia ni kusema kwamba hapa nako ni amani.

MAISHA YA PAXTU

Mtu aliyekuwa na jumba kubwa Hampshire sasa alitosheka na nyumba ndogo yenye baraza, mahali pa kuotea moto na bustani. Chakula kilitoka hotelini, hivyo mkewe hakuelemewa na kazi za jikoni. Mbele ya baraza ndege walikuja kuoga na kunywa maji. Walimfuga pimbi mdogo, akazoea kuingia na kutoka ndani ya nyumba kama paka.

Mzee hakukaa bure. Alikuwa na kipaji cha kutumia mikono yote miwili katika kuchora, na Nyeri ilimpa kitu cha kuchora kila siku: mlima, ndege, wanyama, watu. Aliandika na kuchora vitabu kuhusu wanyama na mandhari ya Kenya, akaendelea kuwajibu vijana waliomwandikia. Mwaka 1939 jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Vita vya pili vya dunia vikazuka mwezi wa Septemba, na mwaka ule tuzo haikutolewa kwa mtu yeyote. Vijana wa mataifa aliyoyakusanya kambini sasa walikuwa wanapigana risasi, naye mgonjwa barazani hakuweza kufanya lolote.

UPANDE WA PILI WA MLIMA

Amani hiyo ya Paxtu ilikuwa ya nani? Hapa ndipo mtu anayesoma habari hizi leo asipoweza kupita kimya. Mwaka 1939, miezi michache tu baada ya mzee kuingia katika nyumba yake, amri ya serikali ya Uingereza iliweka mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu, ambamo Mwafrika hakuwa na haki ya kumiliki shamba. Wakikuyu wa Nyeri walibanwa katika hifadhi zao. Mwanamume aliyetoka kutafuta kazi ilimpasa kuchukua kipande chake. Chama cha Kikuyu Central Association, kilichodai ardhi irudishwe, kilipigwa marufuku mwaka 1940.

Katika wilaya hiyo hiyo, upande wa Tetu, alikuwako kijana aliyezaliwa mwaka 1920 aitwaye Dedan Kimathi. Yeye pia aliujua msitu wa Nyandarua, nyayo zake na maficho yake, lakini aliuingia kudai nchi. Treetops ilichomwa moto na wapiganaji mwaka 1954. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri mwezi wa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Alizikwa huko bila jiwe la kaburi.

Katika Tetu hiyo hiyo, kijijini Ihithe, tarehe 1 Aprili 1940 alizaliwa mtoto wa kike, Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti iliyowashirikisha wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani, ile ambayo mzee wa Paxtu hakuipata. Alifariki mwaka 2011. Kwa miezi tisa tu watu hawa watatu, mzee, kijana na mtoto mchanga, waliishi chini ya mlima mmoja. Hakuna aliyemjua mwenziwe. Nadhani hilo lenyewe ni fundisho juu ya ukoloni: watu wanaweza kuutazama mlima mmoja kila asubuhi na bado wakaishi katika nchi mbili.

KIFO NA KABURI

Baden-Powell alifariki Paxtu tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Vita vilikuwa vikiendelea. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, askari na maskauti wakimsindikiza. Katika karatasi zake ilikutwa barua ya kuwaaga vijana, ambamo aliwaeleza kwamba yeye ameishi maisha ya furaha, na kwamba furaha ya kweli hupatikana kwa kuwafurahisha wengine na kuiacha dunia ikiwa bora kidogo kuliko ulivyoikuta.

Westminster Abbey kuna jiwe la kumkumbuka, lililowekwa mwaka 1947, lakini mwili uko Nyeri. Juu ya jiwe la kaburi imechorwa duara yenye nukta katikati. Skauti yeyote anaijua alama hiyo. Huchorwa mwisho wa njia kuwaarifu wenzako kwamba umekwenda nyumbani.

Olave alirudi Uingereza mwaka 1942, akaendelea kuitumikia kazi ya wasichana kwa miaka mingi. Alifariki mwezi wa Juni 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri kuwekwa katika kaburi la mumewe. Paxtu nayo ilipata mpangaji mwingine mashuhuri, Jim Corbett, mwindaji wa simba-marara walao watu huko India, aliyehamia Kenya mwaka 1947. Corbett alifariki mwaka 1955, naye akazikwa katika makaburi hayo hayo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Baadhi ya wenzetu husema mtu aliyepigana vita vya ukoloni hafai kutajwa mbele ya vijana. Wengine husema mazuri yake yanatosha kufuta mabaya yake. Mimi sikubaliani na upande wowote. Uwini alikufa, na Waafrika wa Mafeking walikufa njaa. Mambo hayo hayafutwi na kambi ya Brownsea. Walakini vijana wa Kiafrika walichukua kilicho chema katika Skauti, wakakifanya chao. Mwaka 1973 mkutano mkuu wa Skauti wa dunia ulifanyika Nairobi, mwenyeji akiwa Kenya huru. Kitu kizuri hakina budi kuchukuliwa popote kilipo, bila ya kumsujudia aliyekileta.

Kwa nyinyi mlio shuleni, kumbukeni yule mwanafunzi aliyekataliwa Oxford. Mtihani mmoja haukufunga njia yake. Vile vile kumbukeni kwamba alichokipenda nje ya darasa alikifanya kwa bidii mpaka kikawa na faida kwa watu.

Kwa sisi tunaokaribia kustaafu, nina machache. Wengi wetu tuna mashamba na nyumba za wazazi katika nchi za milima, na tunaogopa kurudi. Tunaogopa baridi, upweke, umbali wa hospitali, na kusahauliwa. Mzee huyu alikwenda mahali ambapo hakuwa na ukoo, akiwa mgonjwa, akaishi miaka miwili na ushei kwa utulivu. Siri yake haikuwa fedha tu. Alipunguza nyumba kabla nyumba haijamlemea. Alichagua mahali palipo karibu na watoto wake na rafiki wa kumtegemea. Alikwenda na kazi ya mikono yake, ili asubuhi isimkute hana la kufanya.

Pungufu yake tunaweza kuijaza sisi. Yeye aliishi kama mgeni, na utawala wa siku zile ulimtenga na majirani zake. Sisi tunaorudi milimani tunarudi kwa watu wetu, tunajua lugha yao na matatizo yao. Shule za msingi zinahitaji wazee wa kukaa katika kamati, chemchemi zinahitaji miti, na vijana wanahitaji mtu wa kuwafundisha kufunga fundo na kusoma hesabu za chama cha ushirika. Mstaafu atakayeshika hata moja kati ya hayo hatasahauliwa kijijini kwake.

Atakayepita Nyeri basi na azuru kaburi hilo, kisha aendelee hadi Tetu, aione nchi ya Kimathi na ya Wangari. Azitazame sehemu zote mbili kwa siku moja, maana historia yetu iko katika zote mbili.